Mstari wa Tano

Jumatatu saa moja kamili asubuhi, sanduku liliwaaga wanangu kwa sauti yangu.

"Nitafumba jicho sasa," lilisema. "Mama yenu atawafundisha mpaka Jumamosi saa sita mchana. Msikilizeni. Bupe, usimjibie mdogo wako. Na wewe," hapo likamwita mwanangu wa kiume jina lake, silabi zote nne, polepole, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, "usiogope kukosea."

Jicho la kioo likafifia. Mwanangu akaendelea kulitazama kana kwamba mgeni mpendwa ametoka akasahau kufunga mlango.

"Atarudi?" aliniuliza.

"Jumamosi."

"Bado siku ngapi?"

"Hesabu mwenyewe. Hilo ndilo somo la kwanza."

Bupe, mwenye miaka minane na ulimi wa shangazi yake, akasema bila kuinua macho, "Yule haanzi na hesabu. Anaanza na wimbo."

Nilisimama na chaki mkononi. Ukutani, chini kidogo ya sanduku, kulikuwa na madoa mawili ya mafuta, moja juu, moja chini yake. Ndipo wanangu wanapoegemeza vichwa kila asubuhi wakisikiliza. Nimefua mashuka ya nyumba hii miaka tisa, na sijawahi kuona doa la vichwa vyao kwenye nguo yangu lililokolea namna ile.

Shule ya kwanza ya mteremko wetu ilikwenda na maporomoko. Ya pili ikajengwa juu zaidi, nayo ikaenda. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kujenga ya tatu, na kila nyumba yenye mtoto ikaletewa sanduku lenye ukubwa wa kopo la biskuti. Jina lake rasmi ni Mwenza. Wanawake wenzangu kwenye mashamba ya chai walicheka mpaka wakashikana mabega. "Umeletewa mke mwenza," waliniambia, "na huyu hazeeki."

Lilikuja bila sauti. Sauti nililipa mimi. Jioni arobaini nilikaa mbele yake nikilisomea, nikiliimbia, nikilikaripia kama ninavyowakaripia watoto, nikilichekea. Lilichukua kicheko changu cha wakati ule, kabla mume wangu hajaenda kwenye visima vya mvuke anakorudi mara moja kwa miezi miwili, na kabla sijaanza zamu ya kusimamia mitambo ya kuchumia chai, inayonitoa nyumbani kabla ya jua. Kicheko hicho mimi mwenyewe sina tena. Kiko ukutani, kinachekea vitendawili vya wanangu.

Mwezi uliopita nilisinzia jikoni, sufuria ikaungua, moshi ukajaa nyumba nzima. Sanduku halikunisema. Lilimpigia mume wangu tu, kwa sauti yangu, likamweleza. Naye, maskini, kwa wema wake wa mbali, akaomba liongezewe saa za jioni: chakula, kuoga, hadithi, kulala. Kwa utaratibu uliopo, kabla jioni za mtoto hazijahamishwa, mzazi hupewa wiki moja bila zamu. Sanduku linafumba jicho lakini masikio linayaacha wazi. Mzazi amfikishe mtoto mdogo kabisa ukurasa wa kumi na mbili wa kitabu chake, wausome kwa kupokezana, mstari wa mzazi, mstari wa mtoto, mpaka mwisho. Akifika, jioni zinabaki nyumbani. Asipofika, zinakwenda ukutani.

Jioni ndiyo yote niliyokuwa nayo. Asubuhi nilishanyang'anywa.

*

Jumatatu ile niliwafokea mara sita. Jumanne mara nne, na moja ya hizo nilimfokea paka.

Mwanangu ana miaka sita. Anaposoma, neno humkaa kooni kama mfupa wa samaki. Unaona linapanda, linashuka. Sanduku huwa linasubiri. Linaweza kusubiri mpaka chai ipoe, mpaka mvua inyeshe na ikatike. Mimi hupumua kwa nguvu. Sijui kama ninapumua. Bupe ndiye aliyeniambia.

"Ukipumua hivyo anaogopa, mama."

"Yule hapumui?"

"Hapumui."

"Basi si mtu."

"Ndiyo maana anasoma vizuri kwake," alijibu Bupe, akarudi kwenye hesabu zake.

Jumatano niliacha meza. Kulikuwa na mkungu wa ndizi za kupika na mimi sikuwa na mchana mwingine wa kuzimenya. Niliwapaka watoto mafuta viganjani ili utomvu usiwagande, nikampa mwanangu kisu butu, kitabu nikakiegemeza kwenye chungu. Alimenya ndizi ya kwanza akisoma ukurasa wa tano. Ndizi ya pili, ukurasa wa sita. Mikono ikiwa na kazi, koo lilisahau kuogopa. Maneno yalitoka yakiteleza pamoja na maganda. Tulipofika ndizi ya kumi na nne tulikuwa ukurasa wa kumi, na mimi nilikuwa sijapumua kwa nguvu hata mara moja.

Nililitazama sanduku. Najua lilikuwa linasikia. Nikalisemea moyoni, haya, menya na wewe.

"Tata," nilimwambia mwanangu, "umesoma kama mtangazaji wa redio."

Akacheka. Halafu, akikwangua utomvu kwenye kidole gumba, akasema kama anayetaja hali ya hewa, "Yule mama anajua jina langu. Wewe hulijui."

Bupe aliacha kumenya.

"Ninalijua," nilisema.

"Mbona huliiti?"

Mwanangu amepewa jina la baba mkwe wangu, mzee anayekaa nyumba ya pili, ng'ambo ya ukuta wa majani ya tembo. Kwetu, mke halitamki jina la baba wa mumewe. Hamtazami usoni. Akimwona njiani, anaacha njia. Nilifundishwa hivyo na mama yangu, naye na mama yake, na sijawahi kuona kama ni mzigo. Ni namna ya kumwambia mtu kila siku, bila kusema, kwamba ni mkubwa kwako. Mtoto akichukua jina lile, nalo kwangu linafungwa. Tangu azaliwe namwita Tata, yaani baba. Hata hapa sitaliandika.

Katika zile jioni arobaini sikulitamka hata mara moja. Sanduku lilipoona pengo, likalisoma jina kwenye orodha ya familia, kisha likaenda kuokota silabi zake kwenye maneno mengine niliyokuwa nimesema. Moja kwenye wimbo, moja kwenye karipio, mbili kwenye hadithi ya sungura. Likazishona. Likampa mwanangu jina lake kwa sauti ya mama yake, kila asubuhi, na mimi sipo. Kuna wivu wa mtu aliyeibiwa kitu chake. Wangu ulikuwa wa kuibiwa kitu nilichokataa kukitumia.

"Menya," nilimwambia. "Ndizi bado nyingi."

*

Jumatano hiyohiyo jioni nilifungua ukurasa wa kumi na mbili. Vitabu hivi sanduku huvichapa lenyewe, kila mtoto chake, na ukurasa huo kwa kila mtoto unaitwa "Mimi". Una mistari minane. Ya witiri ni ya mzazi. Wa tano ulisema huyu ni fulani, mjukuu wa fulani. Jina mara mbili kwenye mstari mmoja, na mstari ulikuwa wangu.

Alhamisi tulianza kuusoma. Mimi wa kwanza: "Hapa ni nyumbani kwetu." Yeye wa pili, vizuri. Mimi wa tatu. Yeye wa nne, akikwama kidogo tu. Wa tano, nikanyamaza. Mdomo ulikuwa tayari, pumzi ilikuwapo, ila hapakutoka kitu. Nikamvuta sikio kidogo, taratibu, kwa vidole viwili, ili ajue ni yeye anayesemwa. Akageuka kunitazama.

"Soma wa sita," nilisema.

"Bado hujasoma wa tano."

"Turudie tangu juu."

Tukarudia. Sijui mara ngapi. Kila tulipofika pale nilinyamaza, nikamgusa sikio, akageuka. Kufikia alasiri sikuwa namgusa tena. Nilikuwa nikinyamaza tu na yeye alikuwa akikaa wima, kama mtu aliyesikia anaitwa toka uani. Lakini mstari wa sita hakuusoma. Mtoto huyu haruki mistari. Sanduku limemfundisha hivyo, na limemfundisha vizuri, likome.

Mume wangu alipiga simu kutoka visimani.

"Si ulitamke tu, mke wangu," alisema. "Mara moja. Nani atakusikia?"

"Baba yako anakata majani hatua kumi kutoka dirishani."

"Basi acha jioni ziende. Si ni sauti yako hiyohiyo?"

Nilikata simu kabla sijajibu kitu ambacho nacho kingerekodiwa.

*

Ijumaa asubuhi nilimtuma Bupe.

Mkwe alikuwa upande wake wa majani ya tembo, akimkatia ng'ombe wake. Alifanya kazi miaka thelathini kwenye matanuri ya kiwanda cha chai na bado anakohoa kama tanuri. Zamani alikuwa akituletea kidumu cha maziwa kila siku, anakiacha kwenye jiwe la mlangoni. Miaka miwili iliyopita maziwa yalikoma. Sikujua kwa nini, na mkwe haulizwi. Nilidhani ng'ombe amekauka. Kisha nikamsikia ng'ombe akikamuliwa.

Nilisimama upande wangu, nimeyapa majani mgongo. Tulikuwa tunasikiana vizuri sana, yeye na mimi. Hata hivyo Bupe alisimama katikati na kupeleka maneno, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

"Mwambie babu," nilisema, "mama anamsalimu. Ana jambo. Kuna mstari kwenye kitabu cha mdogo wako, na mama asipousoma kesho saa sita mchana, jioni za watoto zinachukuliwa na sanduku. Mstari una jina. Anaomba ushauri."

"Babu, mama anasema..."

"Nimesikia," alisema mkwe. Mundu ukaendelea kukata. "Muulize mama yako ananiombaje leo kitu anachokifanya kila siku bila kuomba."

Bupe alinigeukia. Macho yake yalikuwa makubwa.

"Muulize ana maana gani."

"Mwambie," alisema mzee, na sasa mundu ulinyamaza, "miaka miwili, kila asubuhi saa mbili, nikija hapa kukata majani, namsikia dirishani. Ananiita jina langu waziwazi, kama anamwita mbwa. Siku ya kwanza nikasema ni ugonjwa. Siku ya tatu nikasema ni dharau. Nikaacha kuleta maziwa. Sikumwambia mwanangu. Aibu haipigiwi simu."

Kila asubuhi saa mbili mimi huwa niko mashambani, masaa mawili ndani ya zamu. Lakini yeye angejuaje? Natoka kabla hajaamka, narudi kwa njia ya nyuma, miaka tisa nimehangaika asinione. Heshima yangu yote ilikuwa kutoonekana, na kwa sababu hakuniona, aliiamini sauti.

"Bupe," nilisema, "mwambie si mimi. Ni sanduku."

"Sanduku linasema kama redio," alisema mzee. "Najua masanduku."

"Babu," Bupe alisema, na hilo halikuwa ujumbe wa mtu, "linasema kama mama. Kila nyumba linasema kama mama wa nyumba hiyo."

"Mbona mnaniambia mama anawafundisha?"

"Ni mama wa asubuhi, babu. Mama huyu ni wa jioni."

Kisha mkwe akakohoa, akakohoa tena, na kikohozi cha tatu kikageuka kicheko kibovu, cha mtu anayejicheka mwenyewe na hapendi.

"Kumbe nimemnyima maziwa mtoto wa watu kwa kosa la kopo," alisema.

Nilisubiri. Nilitaka aniambie sema, nimekuruhusu, jina langu limeshaharibika, tumia. Badala yake alifunga mzigo wake wa majani, nikasikia kamba ikikazwa.

"Mwambie mama yako ruhusa sitoi. Ruhusa si yangu kuitoa, hili halikuanza na mimi. Ila kama ni kwa ajili ya mtoto, aseme, nitaziba masikio. Na akishasema, asiseme nilimwambia aseme."

*

Jumamosi asubuhi kulikuwa na kidumu cha maziwa kwenye jiwe la mlangoni. Bado kilikuwa cha moto.

Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimelijaribu jina ndani ya chungu kitupu, mdomo ukiwa ndani kabisa, na silabi ya kwanza ilitoka. Jina lingetoka lote. Ningelisema mara mbili, ningemwomba Mungu radhi, na jioni wanangu wangelala wakisikia mimi ninavyopumua kwa nguvu.

Saa sita kasorobo tulikaa mezani. Nilimpa mwanangu ndizi na kisu. Saa sita kamili jicho likawaka.

"Hamjambo," lilisema. "Nimewakumbuka. Tuanze."

Walilitazama kwa furaha iliyonichoma. Nikasoma.

"Hapa ni nyumbani kwetu."

"Nyumba yetu iko mlimani," alisoma mwanangu, ganda likishuka.

"Asubuhi ukungu hutupitia mlangoni."

"Ji... jioni tunaota moto."

Mstari wa tano. Niliinua macho kutoka kitabuni, kupata pumzi tu, na dirishani nikamwona mkwe. Alikuwa amesimama kwenye majani yake, ametugeuzia ubavu, mundu umening'inia kwenye kidole kimoja. Viganja vyake viwili alikuwa ameviweka juu ya masikio, amevikandamiza, kama mtoto aliyeambiwa radi inakuja. Mtu wa miaka sabini na minne. Aliniacha nimtukane, akahakikisha hatasikia.

Silabi ya kwanza ilikuwa mdomoni. Nikaimeza.

Nilinyamaza. Nilijua ninachokitupa. Nililiona sanduku likihesabu, niliziona jioni zangu zikipanda ukutani moja moja, na bado nilinyamaza, kwa sababu mtu aliyeziba masikio kwa ajili yangu sikuweza kumtendea vile.

Mwanangu akakaa wima. Akaweka kisu chini. Akasoma wa sita.

"Jina langu nimepewa na baba yangu."

"Simama," lilisema sanduku, kwa upole wangu wa zamani. "Mstari wa tano ni wa mzazi. Haujasomwa."

"Umesomwa," alisema mwanangu.

"Sikusikia neno."

"Ndivyo anavyonisoma mimi. Akinyamaza hapo, hapo ndipo mimi." Akanionyesha kwa kidole chenye utomvu. "Mama, wa saba."

Sauti yangu ilitetemeka kwenye wa saba. Yake haikutetemeka kwenye wa nane.

Sanduku lilichukua muda. Halina haja ya muda. Nadhani lilifundishwa kwamba watu hupenda kuona linafikiri.

"Wiki hii mzazi amenyamaza mahali hapo mara hamsini na mbili," lilisema hatimaye. "Kuanzia ya ishirini, mtoto ameitika kila mara. Kipimo changu cha kuita ni mtoto kuitika. Mstari wa tano umepokelewa. Jioni zinabaki kwa mzazi."

Bupe alipiga meza kwa viganja. Mimi nilikwenda dirishani nikatikisa pazia mara mbili, ajue tumemaliza, nikiangalia chini. Nilipoinua macho mkwe alikuwa ameshateremsha mikono na anakata majani.

Nilipaswa kufurahi kwa dakika tano angalau. Nilipata mbili. Nyuma yangu sanduku lilikuwa limeshaanza.

"Haya, tufunge wiki kwa wimbo. Bupe, sogea karibu. Na wewe..."

Likanyamaza.

Urefu ule ule. Pumzi ile ile iliyopo bila kutoka. Lilikuwa limesikiliza wiki nzima kwa masikio wazi, na sasa limeuchukua ukimya wangu, likaushona kwenye sauti yangu, likamwekea mwanangu pale ambapo zamani liliweka jina. Nilishika kisu cha ndizi, na sikuwa nimefikiria ndizi.

Mwanangu alikuwa ameshaanza kulifuata doa lake ukutani. Akasimama katikati ya chumba. Hakukaa wima. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akilitazama jicho la kioo kama anavyolitazama neno ambalo limeandikwa vibaya.

"Unamwita nani?" aliuliza.

Sanduku likarudia. Kimya kile kile.

"Sema jina langu," alisema mwanangu. "Wewe huna mkwe."